Kumwaga oili ya IST mwenyewe nyumbani

Mkuu, umeuliza kama gari lako Toyota IST, lenye injini aina ya 1NZ, unaweza kuimwaga oili mwenyewe. Unaweza kabisa. Iache ingurume dakika chache oili ipate uvuguvugu, kisha zima. Usiingie chini gari likiwa limeshikwa na jeki peke yake, weka stendi. Nati ya sampo (bakuli la oili chini ya injini), unayoifungua oili chafu itoke, ni spana 14.

Kwenye filta ndipo wengi wanapoharibu. Pitisha kidole uone mpira wa filta ya zamani haukuganda kwenye injini. Mipira miwili ikipandana, oili yote itamwagika. Mpira wa filta mpya upake oili kidogo, kisha kaza filta kwa mkono tu.

Injini inachukua kama lita 3.7 za oili mpya, kwa hiyo galoni ya lita 4 usiimalize. Pima kwa stiki, kile kijiti cha kupimia oili kwenye injini. Oili chafu peleka gereji, si mtaroni.