Nilivyochanganya fluksi na mkondo wa nyutroni

Mara ya kwanza nilipopata jibu linalozidi 1 nilidhani programu imeharibika. Nilikuwa nimeweka chanzo cha kaliforniamu-252 (elementi ya mionzi inayotoa nyutroni yenyewe) katikati ya tufe tupu lenye nusu kipenyo cha sentimita 10, nikalizungushia maji pande zote, kisha nikaiagiza MCNP, programu ya kompyuta inayoiga safari za nyutroni, inihesabie nyutroni zinazovuka uso wa tufe. Programu hizi hutoa majibu kwa kila nyutroni moja iliyotoka kwenye chanzo. Sasa imetoka moja, zimevukaje zaidi ya moja? Jioni nzima nilikagua faili langu mstari kwa mstari. Faili lilikuwa sawa; mwenye kosa nilikuwa mimi.

Fluksi na mkondo vina kipimo kilekile, nyutroni kwa sentimita ya mraba kwa sekunde, na hapo ndipo wengi tunapoteleza. Mimi vilinikaa kichwani nilipoacha fomula kidogo nikawaza Mtaa wa Kongo, Kariakoo, siku mbili kabla ya Idi. Chora mstari wa chaki kukatisha mtaa. Hesabu wanaovuka kwenda upande mmoja, toa wanaorudi: huo ndio mkondo. Unaweza kupata sifuri kabisa, na huku watu wamejaa hadi huoni pa kukanyaga. Fluksi haina habari na nani anakwenda wapi. Inachukua kipande cha mtaa, inajumlisha umbali wote uliotembewa na kila mtu humo kwa sekunde, inagawa kwa ukubwa wa kipande. Kwa nyutroni, ukubwa huo ni ujazo. Ndiyo maana katikati kabisa ya kinu cha nyuklia chenye ulinganifu, fluksi kwa kawaida iko kileleni na mkondo ni sifuri.

(Fluksi pia ni idadi ya nyutroni kwenye sentimita ya ujazo mara kasi yao. Fluksi ya 10^13 inatisha kwenye karatasi, lakini kwa nyutroni za mita 2,200 kwa sekunde ni kama nyutroni milioni 45 tu kwenye sentimita moja ya ujazo. Ukilinganisha na molekuli za hewa, si kitu.)

Turudi kwenye tufe langu. Nyutroni ilitoka, ikaingia majini, ikagonga hidrojeni, ikarudi ndani, ikakatisha tufe na kutokea upande wa pili. Hesabu ya F1, ile niliyoiagiza na ambayo MCNP huiita mkondo, huandika kila uvukaji bila kuuliza mwelekeo, kwa hiyo nyutroni moja iliandikwa mara tatu. Dawa yake ni mstari mmoja, C1 0 1, unaotenganisha zinazoingia na zinazotoka kwa kosaini ya pembe. Nilipouongeza, zilizotoka kutoa zilizoingia zikawa 1. Lazima iwe hivyo, maana ndani ya tufe hakuna cha kuzimeza.

Ukiwa mgeni wa kazi hii, anza na tufe hilohilo bila maji. F1 itakupa 1. F2, ambayo ni fluksi ya usoni, itakupa 7.96 × 10^-4, yaani 1 gawa kwa eneo la sentimita za mraba 1,257. Mikrogramu moja ya kaliforniamu-252 hutoa nyutroni kama milioni 2.3 kwa sekunde. Zidisha, upate fluksi ya takribani 1,830. Hapa F2 ni F1 gawa kwa eneo tu, kwa sababu kila nyutroni inavuka uso moja kwa moja, bila mshazari. Weka maji, uone zinavyoachana.

Zinaachana kwa sababu ya pembe. Badala ya mstari wa chaki, chora ukanda wa upana wa mita 1. Anayekatisha moja kwa moja anatembea mita 1 ndani yake; anayepita mshazari kwa nyuzi 60 kutoka kwenye njia hiyo ya moja kwa moja anatembea mita 2. Kwenye mkondo wote wawili ni mtu mmoja mmoja, kwenye fluksi wa pili ni mara mbili ya mwenzake. Ndiyo maana F2 hugawa kila uvukaji kwa kosaini ya pembe hiyo. Fluksi ikiwa sawa pande zote, mkondo wa upande mmoja ni robo yake.

Hili liliniumiza kwenye kazi ya kinga ya mionzi. Nilichukua F1 ya uso wa nje wa ukuta, nikagawa kwa eneo, nikazidisha kwa vigezo vya kugeuza fluksi kuwa dozi. Dozi ikatoka pungufu kwa karibu asilimia 40, na kwenye kinga, kukosea upande huo ndiko kubaya zaidi. Atomu za mwilini hazijali nyutroni imevuka uso kwa pembe gani. Dozi na mimenyuko yote ya nyuklia hufuata fluksi. Mkondo utumie kujua ngapi zinavuja au zinarudishwa na ukuta.

Ukihamia OpenMC, programu nyingine ya aina hii, kuna mtego mwingine: jibu la fluksi halijagawanywa kwa ujazo, linakuja kama nyutroni-sentimita kwa kila nyutroni ya chanzo. F4 ya MCNP, yaani fluksi ya ndani ya ujazo, imeshagawa. Ukisahau, utalinganisha majibu mawili hadi usiku wa manane. Na F2 ikikuyumbia kwa sababu nyutroni nyingi zinapita zikiuparuza uso, kosaini ikikaribia sifuri, weka tabaka jembamba mahali hapo na uombe F4 ndani yake.