Kompyuta ya GC8: tafuta mtu wa ramani kabla ya kununua boksi

Kaka, asalaam aleikum. Umesema una Subaru Impreza GC8 ya 1997 hapa Unguja, umeshaitia turbo kubwa na injekta kubwa, na sasa umekwama baina ya Link, Haltech na MegaSquirt, maboksi ya kompyuta za injini yanayochukua nafasi ya ile ya kiwandani. Mwengine kakushauri utie kile kiboksi cha kuidanganya kompyuta ya kiwandani ili uokoe pesa. Nakujibu kwa urefu kwa sababu njia hiyo nimeshaipita na gari kama yako, tena niliipita vibaya.

Majina ya maboksi yaweke kando kwanza. Jiulize nani atakayeliandikia ramani, yaani yale majedwali ya petroli na cheche. Boksi jipya halijui chochote kuhusu injini yako. Kwa kila mzunguko na kila presha ya turbo lazima mtu alijazie petroli kiasi gani iingie na cheche ipige wakati gani. Boksi la bei mbaya lenye ramani ya kubahatisha litakuvunjia pistoni kama lile la rahisi, tena litakuvunjia haraka zaidi kwa sababu unaliamini.

Mimi nilianza na MegaSquirt kwa ajili ya bei. Hii ilibuniwa na Wamarekani wawili, Bowling na Grippo, kwa watu wanaotaka kununua vipande na kujiunganishia wenyewe. Nilipata moja iliyokwisha kuunganishwa. Nikakata waya za kiwandani (hapo ndipo nilipokosea mwanzo), nikaunga mmoja mmoja kwa siku nne uani kwetu Fuoni. Gari ikawaka. Nilipiga ukelele mpaka majirani wakachungulia.

Furaha ilidumu wiki. Ikifika mizunguko 4,500 inakata, kama mtu kazima swichi kisha kawasha tena. Nikabadilisha plagi, koili, hata pampu ya petroli. Masika yalipoanza ikawa inakata kwenye 3,000, na ikinyesha usiku asubuhi haiwaki kabisa. Nilikuwa nimeshaanza kuitangaza niiuze.

Aliyeniokoa ni ami mmoja fundi umeme pale Mwanakwerekwe, mtu mzima, laptop hana wala haitaki. Akaniambia niiwashe. Akaweka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma cha injini. Mita ikasoma karibu nusu volti, mahali panapotakiwa pawe sifuri au karibu yake. Akafungua boliti ya waya wa ethi (unaorudisha umeme kwenye hasi ya betri) juu ya manifoldi. Chini yake mlikuwa na unga wa kijani, ile kutu ya shaba inayoletwa na upepo wetu wa bahari. Akaukwangua kwa msasa, akanitazama: "Mwanangu, unamnunulia akili mpya na miguu yake ina kutu."

Sikuwa na la kumjibu. Kisha akanionesha la pili. Waya wa sensa ya krenki, inayoliambia boksi injini imezunguka kiasi gani, nilikuwa nimeupitisha ubavuni mwa waya za koili, tena waya mtupu usio na kinga. GC8 yako ina meno 6 kwenye krenki, yamepangwa bila kulingana, na 7 kwenye kemu, shafti inayofungua vali. Sensa zake hutoa umeme wake wenyewe, mdogo sana, kwa hiyo kelele ya koili inaingia humo na boksi linahesabu meno yasiyokuwepo. Kwenye bodi yangu kulikuwa na skrubu mbili ndogo za kurekebisha ishara hiyo, na mimi nilikuwa sijazigusa hata siku moja. Tulipotia waya wenye kinga na kuzirekebisha, gari ikapanda mpaka 6,500 bila kukohoa. Kwa hiyo MegaSquirt haikuwa mbovu. Inataka fundi anayejua anachokifanya, na mimi sikuwa huyo.

Mtu wa ramani nilimpata Nairobi, ambako Subaru wanazijua kama sisi tunavyozijua ngalawa. Akaniambia wazi kuwa kwa mbali anafanya Link au Haltech, MegaSquirt haigusi. Nikachukua Link, inayotengenezwa New Zealand, kwa sababu wana bodi ya WRX ya umri wa gari yangu inayochomekwa kwenye plagi zile zile za kiwandani. Usinunue kabla ya kuhakikisha toleo, maana GC8 za miaka tofauti haziingiliani. Lau jamaa yule angekuwa mtu wa Haltech pekee, ningenunua Haltech na nisingejuta. Jiandae tu na bei: ukijumlisha usafiri na ushuru, unakaribia pesa ya Vespa.

Kazi yenyewe tulifanya hivi: narekodi safari, namtumia faili, anarudisha ramani, narekodi tena. Mara kumi na moja. Haiwezekani bila sensa ya oksijeni ya masafa mapana, kama Bosch LSU 4.9, na geji yake. Ile ya kiwandani inajua tu kama umepita juu au chini ya 14.7 kwa 1, yaani uzito wa hewa kwa petroli. Turbo ikisukuma unataka kama 11.5, na huko haioni kitu. Hii inunue hata kabla ya boksi.

Halafu joto. Intakula yako, ile inayopoza hewa ya turbo, imekaa juu ya injini. Kaskazi, saa nane mchana, foleni ya Darajani, sensa yangu ya hewa ilisoma digrii 70. Nilipotoka Bububu na upepo ikashuka mpaka 45. Mwambie fundi wako ajaze vizuri jedwali la kurudisha cheche nyuma hewa inapopata moto. Na usibandike ramani ya Mjapani uliyoipata mtandaoni. Kwao petroli ya daraja la juu ina oktani karibu 100, sheli zetu hazina hiyo. Ukisikia mlio kama kokoto ndani ya kopo, ndio petroli inalipuka ovyo, ondoa mguu hapo hapo.

Kile kiboksi cha kudanganya, achana nacho. Kwa injekta kubwa utakuwa unarundika uongo juu ya uongo. Ingekuwa gari yako ni Subaru mpya zaidi ya hiyo, ningekwambia usinunue boksi lolote, uandike upya kompyuta yake kwa kebo. Ya 1997 haina njia hiyo nyepesi.

Leo jioni fanya jambo moja. Inua kapeti la miguuni mwa abiria, ndipo kompyuta ilipo. Kwangu nilikuta pamerowa, bomba la maji ya eisii lilikuwa limeziba. Kama ni pakavu, chomoa, piga picha ya plagi na ya kibandiko chenye namba, uziweke hapa nikwambie ni toleo gani la Link linaloingia. Na kompyuta ya zamani usimuuzie mtu, hata akikubembeleza vipi.