Maswali ya Wasomaji: Joto, Mafuriko na Macho ya Setilaiti

Safari hii tunajibu maswali yanayohusu picha za setilaiti na modeli za tabianchi, yaani programu za kompyuta zinazokadiria hali ya hewa ya miaka ijayo. Yote yametoka kwa wasomaji wa Dar es Salaam, na baadhi tumeyafupisha.

Nimeona ramani ya setilaiti inayodai kwamba Kariakoo ilifika nyuzi 41 za Selsiasi, ilhali taarifa ya hali ya hewa ya siku hiyo ilitaja nyuzi 32. Nani mkweli? (Mwanafunzi, Ubungo)

Wote wawili wanaweza kuwa wakweli, kwa sababu hawakupima kitu kimoja. Kipimajoto cha kituo cha hali ya hewa hukaa kivulini, ndani ya kisanduku cheupe kinachopitisha upepo, kwenye kimo cha takriban mita moja na nusu kutoka ardhini, nacho hupima joto la hewa. Setilaiti hupokea mionzi ya joto inayotoka kwenye lami, mchanga, paa na majani, na kutokana na nguvu ya mionzi hiyo wataalamu hukokotoa joto la uso wenyewe. Aliyewahi kukanyaga lami peku saa saba mchana hahitaji kuelezwa tofauti hiyo.

Liko jambo jingine ambalo ramani nyingi hulinyamazia. Ukokotoaji huo hutegemea kujua kila kitu hutoa mionzi kwa kiasi gani, na bati jipya linalong'aa hutoa mionzi michache kuliko udongo au miti, hata vyote vikiwa na joto lilelile. Mtaa uliojaa mabati mapya, ukihesabiwa kana kwamba ni udongo, utaonekana una nafuu kuliko ulivyo, na kwa maoni yangu hilo ni kosa baya, maana huwaangukia hasa watu wanaolala chini ya mabati hayo. Aidha, setilaiti za Marekani ziitwazo Landsat 8 na Landsat 9 hupita juu ya jiji mnamo saa nne na nusu asubuhi, kabla jua halijakolea, na chombo chao cha joto hupima vipande vya takriban mita 100 kwa 100, ambavyo huchanganya paa, uchochoro na mwembe. Ramani ya namna hiyo hufaa kulinganisha Kariakoo na msitu wa Pugu, lakini haimwambii mchuuzi joto la hewa aliyoivuta mchana ule.

Je, picha hizi zinalipiwa? (Mwalimu, Kigamboni)

La, mwalimu. Picha za Landsat, zinazoanzia mwaka 1972, hutolewa bure tangu 2008, na za Sentinel, setilaiti za Umoja wa Ulaya, pia ni bure. Gharama itakuwa bando, na uvumilivu.

Mto Msimbazi unapofurika, picha za siku hiyo huonyesha mawingu tu. Hakuna njia nyingine? (Msomaji, Magomeni)

Ipo. Sentinel-1 hutumia rada, ambayo hupenya mawingu na hufanya kazi hata usiku. Maji yaliyotulia huakisi mawimbi ya rada upande wa pili, yasirudi kwenye setilaiti, na hivyo huonekana meusi kwenye picha. Tatizo ni kwamba lami tambarare nayo huonekana nyeusi, na maji yaliyojaa baina ya nyumba zilizobanana yanaweza kuonekana meupe, kwa kuwa mawimbi hugonga maji, kisha ukuta, kisha hurudi. Uwanja wa Jangwani ukifurika, rada ina nafasi nzuri ya kuuona. Uchochoro wa Kigogo unaweza kuikwepa.

Modeli zinasemaje kuhusu masika ya mwaka 2050? Nina kiwanja bondeni, nikiuze? (Mzee, Kigogo)

Shikamoo mzee. Modeli za dunia nzima huigawa ardhi katika miraba yenye upana wa takriban kilomita 100, kiasi kwamba mraba mmoja unaweza kumeza bahari ya Msasani pamoja na mashamba ya Mlandizi. Isitoshe, modeli nyingi zilitabiri mvua kuongezeka Afrika Mashariki, ilhali kuanzia miaka ya 1980 masika yalipungua kwa miongo kadhaa katika sehemu kubwa ya ukanda huu, na wanasayansi bado wanabishana kuhusu sababu. Lenye uhakika zaidi ni hili: kwa kila nyuzi moja ya ongezeko la joto, hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, na kwa hiyo mvua kubwa, inaponyesha, ina uwezo wa kuwa kubwa zaidi.

Kuhusu kiwanja, modeli hizo haziwezi kukuamulia. Itazame ramani ya kimo cha ardhi na ya mifereji, kama zile zilizochorwa na wanafunzi na wakazi wa jiji chini ya mradi wa Ramani Huria kuanzia 2015, kisha uwaulize majirani maji ya Desemba 2011 yalifika wapi ukutani. Yakiwa yalifika dirishani, mimi ningeuza, ingawa ningemweleza mnunuzi sababu.