Asubuhi yenye kazi: anza kuhesabu mlangoni, si kwenye alamu

Mkuu, umeuliza: unakaa Gongo la Mboto, pembezoni mwa Dar, kazi iko Posta katikati ya jiji saa mbili kamili, unataka kuamka saa kumi alfajiri usome uhasibu kabla ya kutoka, na kila ukijaribu unadumu siku nne tu. Kulala unalala saa tano usiku. Hapo hakuna uvivu. Hayo ni masaa matano ya usingizi kwa mtu mzima anayehitaji saba au zaidi, na deni la masaa mawili kila usiku linakudai siku ya nne au ya tano. Umepanga saa ya kuamka kabla ya kujua asubuhi yako ina dakika ngapi.

Kwa siku tatu za kazi usibadilishe chochote, pima tu kwa simu na uandike: kuoga, kuvaa, kunywa chai, kusubiri gari, kufika mezani ofisini. Wengi husema "naoga dakika tano". Kwenye nyumba ya kupanga yenye bafu moja, dakika tano ni za kujimwagia maji. Kuchota, kubeba ndoo na kumsubiri jirani amalize hakujahesabiwa, na hapo ndipo robo saa hupotelea.

Ukishapata namba zako, hesabu kurudi nyuma kutoka mlangoni. Tuseme njiani ni saa moja na nusu, kwa hiyo unatoka saa kumi na mbili na robo. Viatu, begi na kufunga mlango dakika 5. Kula dakika 15. Kuoga na kuvaa 25. Umefika saa kumi na moja na nusu. Toa dakika 40 za kusoma, toa 20 za kuamka vizuri: ni saa kumi na nusu. Kutoka hapo rudi masaa saba, unatakiwa uwe umeshapitiwa na usingizi saa tatu na nusu usiku, yaani kitandani saa tatu na robo. Kama kwa maisha yako hilo haliwezekani, basi dakika 40 za kusoma ziwe 20. Punguza kazi, usipunguze usingizi.

Kuna njia nyingine ambayo kwa mtu wa Gongo la Mboto naiona bora. Pima safari ya saa kumi na moja na nusu kabla foleni haijashika. Ikikuchukua saa moja badala ya saa moja na nusu, umepata nusu saa ya bure, na unasomea ofisini pakiwa kimya. Muulize mlinzi kwanza wanafungua saa ngapi.

Saa ya kulala usiisogeze kwa mkupuo. Ukijilaza saa tatu wakati mwili umezoea saa tano utageuka-geuka tu, mwisho utashika simu. Sogeza dakika 15 kila baada ya siku tatu, kulala na kuamka kwa pamoja. Kuamka saa nzima mapema zaidi kutachukua kama siku 12. Chai ya rangi na kahawa ziishe saa tisa alasiri: nusu ya kafeini bado iko mwilini baada ya masaa kama matano.

Kazi zinazoweza kufanyika usiku zisikusubiri asubuhi. Ndoo ijae na kufunikwa, maana mgao wa maji hauna adabu. Nguo zipigwe pasi Jumapili, za siku tano kwa pamoja; pasi ikipashwa mara moja inakula umeme kidogo kuliko kupashwa mara tano, na uniti zikiisha asubuhi hutavaa shati lililokunjamana. Nauli iwe mfukoni ikiwa chenji. Mtungi wa gesi wa kilo 6 una tabia ya kuisha alfajiri, hivyo moto ukianza kufifia jioni agiza palepale. Kama unatumia mkaa, jiko linataka dakika 20 hadi 30 kushika vizuri. Liwashe ukiamka tu, na usiliingize ndani ya chumba kilichofungwa hata kama nje kuna mvua. Hewa yake inaua mtu usingizini.

Chakula kiwe kimoja kwa wiki nzima. Uji wa watu wawili: chemsha vikombe vitatu vya maji. Pembeni koroga vijiko vitatu vya chakula vya unga kwenye nusu kikombe cha maji ya baridi hadi usione chembe. Mimina polepole huku unakoroga, punguza moto, acha uchemke dakika 10 hadi 15. Unga mkavu ukiutia kwenye maji yanayochemka unafunga nje na kubaki mbichi ndani, ndiyo yale madonge. Kitafunwa ni kiazi kitamu kilichochemshwa jana yake au mayai. Maji ya chai yawekwe usiku kwenye chupa ya chai iliyosuuzwa kwanza kwa maji ya moto, ili chupa baridi isinyonye joto. Maziwa usiyalaze humo, yatachacha.

Sasa alamu. Simu isilale ndani ya chandarua. Iweke kwenye kiti au dirishani, umbali unaokulazimu kufunua neti na kusimama. Ukishatoka kwenye neti umeshinda nusu ya vita. Ichaji kabla ya kulala, siyo ukiwa umelala, kwa sababu umeme ukikatika saa sita na simu ilikuwa asilimia nane, alamu haitalia. Weka alamu moja. Zile tano za kupishana dakika tano zinakukatia usingizi vipande vipande na kukufundisha kwamba ya kwanza si ya kweli.

Washa taa mara moja. Dar jua huchomoza karibu saa kumi na mbili kamili mwezi Novemba na kama dakika 40 baadaye mwezi Julai, kwa hiyo saa kumi na nusu ni giza mwaka mzima na mwili hauna habari kwamba kumekucha. Mwenzako akiwa bado amelala, tumia taa ndogo ya kuchaji ukaigeuzia ukutani. Nawa uso, kunywa maji, tembea. Mang'amung'amu ya kuamka huchukua dakika 15 hadi 30 kwa wengi, ndiyo maana nimekuwekea zile 20. Ukikaa na kitabu kabla hayajaisha utasoma ukurasa mmoja mara tatu. Kama unaswali, alfajiri itaangukia hapohapo au katikati ya kusoma, kutegemea mwezi. Gawa kipindi mara mbili, kabla na baada.

Dakika 40 hazitoshi "kusoma uhasibu". Zinatosha kufanya swali moja la usuluhishi wa benki, yaani kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki, na kulisahihisha. Usiku andika kwenye karatasi swali lenyewe, namba na ukurasa, acha daftari wazi mezani na kalamu na kikokotoo juu yake. Anza na swali la aina uliyokwisha kulifanya, mada mpya ziache Jumamosi. Data izimwe mpaka umalize. Ukifungua WhatsApp "kidogo tu" utakuta kundi la ukoo lina ujumbe 60 wa salamu na mchango wa harusi, na saa kumi na moja na nusu itakukuta hapo.

Usiku wa mechi za Ulaya ni jambo la kupangia. Mechi ya saa tano usiku inaisha karibu na saa saba. Ukiamua kuitazama, kesho yake futa kusoma na usogeze alamu kwa saa moja, isizidi hapo. Wikiendi vilevile: ukilala hadi saa tatu asubuhi Jumapili, usiku wake usingizi hautakuja na Jumatatu utaamka umevunjika. Ramadhani tengeneza ratiba nyingine kabisa kuanzia daku, usiibane ndani ya hii.

Habari kwamba tabia mpya hujengeka kwa siku 21 achana nazo. Utafiti wa chuo kikuu cha University College London uliochapishwa mwaka 2010 ulipata wastani wa siku 66 hadi jambo lijiendeshe lenyewe, wengine siku 18, wengine zaidi ya 200. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Ukikosa Jumatano, Alhamisi amka saa ileile na ufanye swali la Alhamisi. La Jumatano lipeleke Jumamosi.