Makao ya Kobe Ndani ya Nyumba
Swali: Nina kibali cha kufuga kobe, lakini usiku wa hapa Nakuru una baridi kali. Nimtengenezee makao gani ndani ya nyumba?

Jibu: Ndugu msomaji, umefanya vyema kuanza na kibali. Mtengenezee sanduku pana la mbao, si la kioo, kwa sababu kobe akiona nje hujichosha kwa kusukuma ukuta asioutambua. Upande mmoja ning'iniza taa ya joto, chini yake pafike nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi, na upande wa pili uwe na ubaridi kiasi ili achague mwenyewe. Jua la dirishani halitoshi hata kidogo, maana kioo huzuia miale ya urujuanimno anayoihitaji ili gamba lake liwe imara. Tafadhali mtoe uani kukiwa na jua. Maji yawe kwenye sahani isiyo na kina.