Zaburi, mishumaa mitatu na majina ya ajabu: karatasi hii imetoka wapi?

SWALI: Padri, tumsifu Yezu Kristu. Nauza vitenge soko ya komine Kenya, hapa Lubumbashi. Mwenzangu amekataa kunilipa deni. Mtu mmoja ameniuzia karatasi akisema ni sala ya siri ya Musa: usiku wa manane niwashe mishumaa mitatu myekundu, nijipake pembe, ule udongo mweupe, kwenye paji la uso, nisome Zaburi 35 mara saba, kisha nitaje Adonai, Agla, Tetragrammaton. Chini kuna kisanduku cha namba tisa. Kama maneno ni ya Mungu, ubaya uko wapi?

JIBU: Milele na milele, Mama. Tuichambue karatasi yako kipande kwa kipande, maana mtu akijua kila kipande kimeokotwa wapi, woga unapungua.

Musa katika Biblia ana vitabu vitano tu. Kile wanachokiita "kitabu cha sita na cha saba cha Musa" kilichapishwa Stuttgart, Ujerumani, mwaka 1849, kikavuka hadi Marekani, visiwa vya Karibi na Afrika Magharibi. Adonai ndivyo Wayahudi wanavyomwita Bwana wakikwepa kutamka jina lake. Agla ni herufi za kwanza za maneno manne ya Kiebrania ya kumsifu Mungu. Tetragrammaton ni Kigiriki, maana yake "herufi nne": ni maelezo ya jina hilo lisilotamkwa, wala si jina la mtu wala la malaika.

Kisanduku nakijua: juu 4, 9, 2, katikati 3, 5, 7, chini 8, 1, 6. Jumlisha mstari wowote, hata wa kukingama, utapata 15. Wachina walikijua tangu zamani, Waarabu wakakiandika kwenye hirizi, na Agrippa, mwandishi Mjerumani wa mambo ya uganga, akakipa sayari Zohali katika kitabu chake cha mwaka 1533. Ni hesabu tu.

Pembe ndiyo ya kwetu. Kwa Waluba udongo huo mweupe ni alama ya usafi na baraka. Inaniuma kusikia Wakristo wakiwatupia mababu lawama zote za uchawi, huku karatasi iliyotoka Ulaya wakiipokea kwa magoti.

Kuchanganya hivi ni kwa kale. Kuna maandishi ya papiri, yaani karatasi ya mafunjo, kutoka Misri, leo yako Paris, ambamo pepo anaapizwa kwa "Mungu wa Wahebrania, Yezu", na humo humo imo miungu ya Wagiriki na ya Wamisri. Mwandishi alikusanya kila jina lililosifiwa kuwa na nguvu. Wana saba wa Skewa, kuhani wa Wayahudi, nao walitumia jina la Yezu hivyo hivyo kufukuza pepo, wakakimbia uchi na majeraha (Matendo 19).

Ubaya ndio huo. Zaburi 35 ni kilio cha mtu anayemkabidhi Mungu kesi yake. Karatasi inamgeuza Mungu kuwa mtumishi wa kuamrishwa kwa hesabu ya mara saba. Katekisimu, namba 2111, inaita hiyo ushirikina: kudhani sala inafanya kazi kwa matendo ya nje tu, moyo ukiwa kando. Deni lisipolipwa, aliyekuuzia atakuambia umekosea neno, lete pesa nyingine. Na mwenzako akishikwa na malaria, utajiona umemroga, au jamaa zake watakutaja. Ni kwa njia hiyo wazee na watoto wanafukuzwa nyumbani wakiitwa walozi.

Basi, choma karatasi mchana, kwenye mbabula, jiko la makaa, bila kutafuta dawa ya kuivunja. Pembe oga kwa maji na sabuni. Mishumaa weka, itakusaidia umeme ukikatika. Usirudi kwa yule mtu hata kudai pesa yako. Uje kwenye kitubio.

Deni nalo lina njia yake: andika kiasi, tarehe, na majina ya walioona ukimpa vitenge. Mwite mbele ya wazee wa shirika lenu. Akikataa, nenda kwa shefu wa kartiye, yaani mkuu wa mtaa, kisha tribinali ya amani, mahakama ya kwanza, ukiwa na maandishi hayo ya deni na mashahidi wawili.