Chai ya viungo: kila kiungo na dakika yake

Chai nyingi ya viungo inayopikwa majumbani huharibika kwa sababu moja: maji, maziwa, majani, tangawizi, iliki na karafuu vinatiwa sufuriani kwa pamoja, kisha vinaachwa vichemke mpaka mpishi akumbuke. Inatoka chai nyeusi, yenye ukakasi, inayonukia karafuu peke yake. Iliki iliyonunuliwa kwa bei kubwa imeshapaa na mvuke. Mdalasini na tangawizi vinataka moto na muda. Iliki, limau na maua vinataka kukingwa na moto. Ukishajua kipi kiingie lini, vipimo vinakuwa jambo rahisi.

Tuanze na majani yenyewe. Chai ya pakiti tunayoizoea Kenya na Tanzania, iwe imetoka Kericho au Mufindi, kwa sehemu kubwa ni ya chembe ndogo zilizosagwa na kuviringishwa kiwandani, na chembe hizo hutoa rangi upesi. Kwa lita moja ya chai ya rangi tia vijiko viwili vya chai, visawazishe, acha dakika tatu, chuja. Kwa chai ya maziwa, nusu lita ya maji na nusu lita ya maziwa, vijiko vitatu vinatosha, kwa sababu protini ya maziwa hushika ule ukakasi na kuupunguza makali. Ukitaka chai iliyokolea zaidi, ongeza majani, usiongeze dakika. Majani yakipitisha dakika tano motoni yanaleta uchungu ambao hakuna kiungo kitakachouficha, na hapo ndipo watu huanza kurundika sukari.

Jaribu kiungo kimoja kimoja kabla ya kuchanganya, na onja kwanza bila sukari. Sukari huzifanya chai zote zifanane.

Tangawizi ndiyo yenye mambo mengi, na ndiyo inayolalamikiwa zaidi: "maziwa yamekatika." Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachovunja protini, na kikikutana na maziwa ya moto ambayo hayajafika kuchemka, kinayagandisha. Kuna wanaokitumia makusudi: kusini mwa China hutengeneza kitindamlo kwa kumimina maziwa ya moto juu ya maji ya tangawizi mbichi. Kwenye chai hatukitaki, na dawa yake ni kuchemsha. Chukua kipande cha ukubwa wa kidole gumba, kama gramu 20 hivi, osha, usihangaike kumenya kama ganda ni safi na jembamba, kisha kiponde kwenye kinu. Kitie kwenye maji peke yake, funika, chemsha kwa moto mdogo dakika nane hadi kumi. Kimeng'enya kitakuwa kimekufa, na maziwa yataingia bila tatizo. Kuponda ninakupendelea kuliko kupara kwa kikwaruzo, maana tangawizi iliyoparwa huacha wanga unaotuama chini ya kikombe na kuziba chujio.

Kama umechemsha tangawizi sawasawa na bado maziwa yamekatika, tatizo ni maziwa. Yaliyoanza kuchachuka huonekana mazuri yakiwa ya baridi, ila yakipata moto hujitenga. Chemsha vijiko viwili vya hayo maziwa kwenye kisufuria pembeni kabla hujayamimina yote. Inachukua dakika moja na inaokoa sufuria nzima.

Tangawizi ya unga ni kitu kingine kabisa. Inapokaushwa, sehemu ya ukali wake hubadilika na kuwa mkali zaidi, unaochoma nyuma ya koo badala ya mbele ya ulimi. Nusu kijiko cha chai kwa lita kinatosha. Inafaa siku ya mafua. Kwa chai ya asubuhi na vitumbua, mbichi ina harufu ambayo ya unga haitaifikia.

Mdalasini huingia pamoja na tangawizi, tangu maji yakiwa baridi: kijiti cha sentimita tano kwa lita. Usitumie unga kwenye chai ya kuchemsha. Unga wa mdalasini ukikaa kwenye maji ya moto hutoa utelezi, chai inakuwa nzito kwa namna mbaya na tope linabaki kwenye chujio. Tazama pia unanunua upi. Kijiti chembamba chenye matabaka mengi yaliyokunjwa ndani kwa ndani, kinachovunjika kwa vidole, ndio mdalasini wa asili ya Sri Lanka, unaopandwa pia Unguja. Ladha yake ni tamu na tulivu. Gome nene, gumu, la tabaka moja ni la jamii nyingine. Lina ukali zaidi na lina kumarini kwa wingi, kemikali ambayo ikinywewa sana kila siku inaweza kudhuru ini. Kwa mara moja moja halina neno, lakini anayekunywa kila asubuhi achague kile chembamba. Ukipata majani mabichi ya mdalasini, matatu kwa lita, utashangaa: yananukia karibu na karafuu kuliko gome lake.

Karafuu zenyewe ni mbili kwa lita, nzima, zisipondwe. Mafuta yake hutia ganzi ulimini, na zikifika tano unakuwa unakunywa dawa ya jino. Zilizo nzuri bado zina kile kichwa cha mviringo juu. Zitumbukize kwenye glasi ya maji: nzuri huzama au husimama wima, zilizokamuliwa mafuta huelea zimelala. Zitoe pamoja na majani, kwa sababu huendelea kukoza chai hata moto ukiwa umezimwa.

Sasa iliki, ambayo kwangu ndiyo roho ya chai ya maziwa. Nunua nzima, za kijani, zilizofumba. Zilizopauka na kupasuka zimeshapoteza nusu ya kazi. Kwa lita moja chukua sita, zipasue, toa mbegu nyeusi na uzitwange muda ule ule wa kupika. Iliki ya unga iliyokaa kwenye kopo lililofunguliwa inapoteza harufu ndani ya majuma machache, hata kama bado ina rangi. Tia mbegu hizo dakika mbili za mwisho, baada ya maziwa kuchemka, funika sufuria na zima moto. Mafuta ya maziwa hushika harufu yake, ndiyo maana iliki hiyo hiyo kwenye chai ya rangi huonekana kali zaidi: huko punguza mpaka tatu. Maganda usiyatupe. Yatie kwenye kopo la majani ya chai, yatanukisha majani polepole.

Mpangilio mzima wa chai ya maziwa, basi, ni huu: maji na tangawizi na mdalasini na karafuu, dakika nane hadi kumi kwa moto mdogo, majani, dakika moja, maziwa, mpaka yapande mara moja, iliki, funika, zima, subiri dakika mbili, chuja. Kule nchi za Kiarabu za Ghuba, karak, yaani chai yao ya maziwa, hupikwa kwa maziwa ya kopo na huachwa motoni muda mrefu zaidi makusudi, na inawezekana kwa sababu uzito na utamu wa maziwa yale hubeba ukakasi wote. Ukijaribu hivyo hivyo kwa maziwa mepesi ya pakiti hupati karak, unapata uchungu.

Mchaichai sipendi kuuchanganya na maziwa. Harufu yake ya limau inapotea. Majani marefu manne kwa lita, yafunge fundo ili yasisambae (kingo zake hukata vidole, kwa hiyo yashike kwa uangalifu), na kama una shina jeupe la chini liponde, huko ndiko harufu iliko. Dakika tano, sufuria imefunikwa. Ukipitisha kumi unaanza kusikia ladha ya nyasi. Majani ya chai si lazima. Ukitaka rangi, nusu kijiko. Kukausha mchaichai kufanyike kivulini, juani harufu huisha.

Ndimu au limau liingie kikombeni, moto ukiwa mbali. Chai itapauka kuwa ya dhahabu, hiyo ni tindikali inafanya kazi yake. Kwenye chai ya maziwa usijaribu.

Rosela nayo ni chachu, kwa hiyo sufuria ya alumini tupu haifai. Tumia ya chuma kisichoshika kutu au birika la kauri. Gramu 15 za maua makavu, yaani konzi moja, kwa lita ya maji yaliyokwisha kuchemka na kuepuliwa. Funika dakika kumi, chuja. Ukiyachemsha, uchachu unakuwa wa kukwaruza na ule wekundu mzuri unafifia. Inapatana na mdalasini, haipatani na majani ya chai, maana uchachu na ukakasi pamoja hukausha mdomo. Rosela hushusha shinikizo la damu kiasi, hivyo anayemeza dawa za presha amuulize daktari kabla ya kuifanya kinywaji cha kila siku.

Kwa mwenye subira kuna asumini. Majani makavu ya chai hufyonza harufu yoyote iliyo karibu, ndiyo maana hayawekwi kabati moja na sabuni au vitunguu. Wachina hutumia tabia hiyo kutengeneza chai ya asumini. Chuma matumba ya maua jioni yakiwa karibu kuchanua, yasiyopuliziwa dawa, na uwe na hakika ni asumini halisi, kwa kuwa maua meupe yanayonukia ni mengi na mengine ni sumu. Panga matabaka ndani ya chupa pana, majani, maua, majani, funika usiku kucha. Asubuhi toa maua yote na uyaanike majani kivulini penye hewa mpaka yakauke kabisa, maana maua huacha unyevu na unyevu huleta ukungu. Rudia usiku wa pili na wa tatu. Chai ya kijani au ya majani makubwa ndiyo inayopokea vizuri. Ile ya chembe ina nguvu mno, inaimeza asumini.

Chai ikienda kwenye chupa ya kuhifadhi moto, isuuze chupa kwanza kwa maji yanayochemka, na usitie chembe ya kiungo ndani. Ya maziwa inyweni ndani ya saa nne. Kizibo kikishika harufu ya karafuu, kiloweke kwenye maji ya moto yenye vijiko viwili vya siki kwa nusu saa, la sivyo hata mchaichai wa kesho utanukia karafuu.